Kofi la Kaka

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza nilipoitazama Half-Wits Holiday, filamu fupi ya The Three Stooges iliyotoka Januari 1947, nilicheka mpaka mbavu zikauma, na wala sikugundua kwamba mtu mmoja hayupo. Mwishoni mwa filamu ile kuna vita ya pai. Wageni wa heshima, suti na magauni ya jioni, wanarushiana pai za krimu usoni mpaka hujui tena nani bwana mkubwa na nani mtumishi. Moe yumo. Larry yumo. Wa tatu, yule mnene mwenye kipara ambaye ndiye tuliyekuwa tukimfuata tangu mwanzo, hayumo. Niliirudia mara ya pili, nikairudia mara ya tatu, nikahesabu kama mwenye duka anayehesabu magunia. Wawili. Sasa wa tatu kaenda wapi?

Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika vikao vyetu sisi tunaojifunza kuandika, mtu akitaja filamu za makofi na kuanguka, wenzake wanamtazama kama vile kaja kikaoni na kaptula. Eti hizo ni za watoto. Eti sanaa ni machozi, ni siasa, ni mapenzi yaliyovunjika. Jamaa mmoja aliniambia waziwazi: "Bwana, kupigana vibao kila mtu anaweza. Hata mtaani kwetu tunaona bure." Siku ile sikumjibu, maana jibu sikuwa nalo. Leo ninalo. Hoja yangu ni moja tu: katika vichekesho vya aina hii kofi si mali ya anayepiga, ni mali ya anayelipokea, na kazi kubwa ya anayepiga ni kumlinda yule anayepigwa. Asiyeliona hilo ameona vurugu. Aliyeliona ameona kitu ambacho sisi waandishi tunakihitaji sana.

WALIKOTOKA

Kabla hatujafika kwenye zile pai, turudi nyuma kidogo. Moe, Shemp na Curly walikuwa ndugu wa tumbo moja, watoto wa familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania iliyoishi Brooklyn, New York. Majina yao ya nyumbani ni Moses, Samuel na Jerome Horwitz. Hilo Howard ni jina la jukwaani. Moe alizaliwa mwaka 1897. Jerome alizaliwa 1903, kitinda mimba, na nyumbani walimwita Babe, yaani mtoto. Larry Fine hakuwa ndugu yao wa damu. Yeye alizaliwa Philadelphia mwaka 1902, na baba yake alikuwa sonara. Akiwa mdogo alimwagikiwa tindikali mkononi dukani kwa baba yake, na ili mkono upate nguvu tena akafundishwa kupiga fidla. Ishike hiyo fidla kichwani, tutaikuta mbele.

Miaka ya 1920 Moe, Shemp na Larry walifanya kazi chini ya mchekeshaji wa jukwaani aliyeitwa Ted Healy. Healy ndiye aliyekuwa nyota, wao kazi yao kupigwa. Healy anaanza kusema mzaha wake, hawa wanamwingilia, naye anawachapa vibao, watu wanacheka. Hebu fikiria kazi hiyo: leo kibao, kesho kibao, keshokutwa mji mwingine na kibao kilekile. Kwa maneno mengine, Moe alijifunza kofi akiwa upande wa shavu. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu nadhani ndiyo siri yake.

Mwaka 1932 Shemp aliondoka kwenda kutafuta bahati yake mwenyewe katika filamu, na nafasi ikabaki wazi. Moe akamleta mdogo wake. Wakati huo Jerome alikuwa kijana mtanashati, ana nywele nzuri na masharubu, anapenda kudansi. Healy akamtazama akaona huyu hachekeshi. Basi Jerome akaenda akanyoa vyote, nywele na masharubu, akarudi kichwa kama yai. Wakampa jina la Curly, yaani mwenye nywele za mawimbi. Jina peke yake lilikuwa mzaha, na mzaha huo ukamganda mpaka kaburini.

Mwaka 1934 watatu hawa waliachana na Healy wakaingia mkataba na kampuni ya Columbia. Kazi yao ilikuwa kutengeneza filamu fupi, dakika 16 hadi 20 hivi, zilizokuwa zikionyeshwa katika majumba ya sinema pamoja na filamu kubwa. Filamu hizo zilitoka mpaka mwaka 1959, zikafika 190. Katika 97 za kwanza wa tatu alikuwa Curly. Moe, mwenye nywele zilizokatwa kana kwamba kinyozi alimfunika bakuli, akachukua nafasi ya Healy. Aliyekuwa akipigwa sasa ndiye mpigaji.

MWILI UNAOSEMA

Anayetaka kumjua Curly aanze na Punch Drunks ya mwaka 1934. Curly ni mhudumu wa mgahawa, mpole kama kondoo. Moe ni meneja wa mabondia aliyefulia. Larry anapita na fidla yake akitafuta riziki. Naam, ni fidla ileile ya mkono ulioungua. Larry akianza kupiga wimbo wa watoto, Pop Goes the Weasel, mhudumu wetu anapandwa na mashetani. Anashtuka, mikono inaanza kucheza yenyewe, sauti inamtoka kama mnyama aliyebanwa na mlango, halafu zinafuata ngumi. Wimbo ukisimama, naye anapoa, anashangaa watu wanalala chini. Meneja anaona pesa: anampeleka ulingoni. Katika pambano kubwa fidla inavunjika, na Larry anatoka mbio barabarani kutafuta muziki popote, huku mwenzake anatwangwa. Mwishowe anarudi na lori lenye vipaza sauti, akiingia nalo ukutani.

Tuangalie filamu hii kama waandishi. Hakuna hotuba hata moja inayotueleza Curly ni mtu gani. Tunamjua kwa tofauti ya miili miwili: ule wa kabla ya wimbo na ule wa baada ya wimbo. Na kamera inapomfuata Larry mitaani, sisi tunacheka mbio zake kwa sababu tunajua kila dakika anayochelewa kuna mtu anaipokea usoni. Maktaba ya taifa ya Marekani, katika orodha yake ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa, iliiingiza Punch Drunks mwaka 2002. Kwa hiyo, jamaa yangu, si mimi peke yangu niliyechanganyikiwa.

Halafu itazame Disorder in the Court ya mwaka 1936. Curly anaitwa kizimbani kuwa shahidi. Inatakiwa aape. Basi tu! Karani anamwambia avue kofia, ainue mkono wa kulia, aweke wa kushoto hapa. Lakini mtu ana mikono miwili, na ana kofia, na ana fimbo. Akiinua mkono, una kofia. Akiihamisha kofia, mkono mwingine una fimbo. Karani naye anasoma kiapo mbiombio kama anayefukuzwa, Curly haelewi hata neno. Ni hayo tu, wala hakuna aliyeanguka. Lakini tazama uso wake: Curly haigizi mjinga. Anaigiza mtu mwenye nia njema kabisa, anayejitahidi kwa moyo wote kutii serikali, na serikali haimpi nafasi ya kutii. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi fulani akiwa na fomu mkononi na hali hiyohiyo?

Na kilele chake, kwa maoni yangu, ni A Plumbing We Will Go ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Del Lord. Watatu hawa wanajifanya mafundi bomba katika nyumba ya tajiri. Curly yuko bafuni peke yake, bomba linavuja. Anaunga kipande cha bomba. Maji yanatokea mbele. Anaunga kingine. Yanatokea mbele zaidi. Anaunga na kuunga, kwa bidii ya fundi anayelipwa kwa siku, mpaka anajikuta amejijengea ngome ya mabomba na yeye mwenyewe yumo ndani, hana pa kutokea. Huko chini wenzake wameunganisha maji na mabomba yanayopitisha nyaya za umeme. Wageni wanaonyeshwa televisheni, ajabu mpya ya wakati ule. Kwenye kioo kuna maporomoko ya Niagara, na mara Niagara inatoka kweli na kuwaoga. Lakini tukio lile la bafuni ndilo ninalolirudia. Dakika kadhaa za mtu mmoja, bila wa kumpiga, na hakuna kosa hata moja alilofanya kwa uzembe. Kila hatua ina akili yake. Jumla ya hatua zote ndiyo wazimu.

Kuna mambo mawili kuhusu mwili huu ambayo watazamaji wengi hawayajui. La kwanza: Curly alijipiga risasi kifundoni kwa bahati mbaya alipokuwa mdogo, akabaki anachechemea. Ile miondoko yake iliyotiwa chumvi, tunayodhani ni utundu tu, ilikuwa pia namna ya kuficha mguu. La pili walilisimulia wenzake. Alipokuwa akisahau maneno mbele ya kamera, hakusimama akapauka kama tufanyavyo wengine tukisahau shairi jukwaani. Alijitupa sakafuni akazunguka kama pia mpaka maneno yamrudie. Kamera iliendelea kupiga, na watu wakaona ni kipaji. Kumbe ni mtu anatafuta neno.

Mimi niliposoma habari hiyo sikuweza tena kumwona akizunguka bila kujiuliza: hapa anachekesha, au anatafuta?

MPISHI ASIYE NA MWENZIWE

Haki haitakuwa imetendeka nikimruka mtu mmoja. Katika ile A Plumbing We Will Go kuna mpishi. Anaitwa Dudley Dickerson, Mmarekani mweusi, na jikoni kwake ndiko maji yanakotokea katika jiko na katika taa. Simuoni mtu yeyote katika filamu ile, hata Curly, anayepokea balaa vizuri kuliko yeye. Macho yake yanapima kitu kwanza, yanakataa kukiamini, yanakipima tena, ndipo mwili unapoanza kukimbia. Kampuni yenyewe ilijua thamani ya kazi hiyo: picha zake za jikoni zilitumiwa tena katika filamu nyingine za kundi hili miaka ya baadaye.

Lakini mimi ni kijana Mwafrika ninayemtazama, na sitajifanya sioni. Katika sinema za Marekani za zama zile mtu mweusi aliruhusiwa kuwa mpishi, mbeba mizigo, bawabu. Na katika vichekesho aliruhusiwa kuogopa. Dickerson alipewa chumba hicho kidogo, akakijaza chote. Ninapomcheka huwa nacheka kwa ustadi wake, halafu kicheko kinanikwama kidogo kooni. Nadhani ni sawa kikwame. Nikikaa kuwalinganisha, naona tofauti moja iliyo wazi. Curly alikuwa na Moe upande huu na Larry upande ule. Dickerson alisimama jikoni peke yake, akapokea maji na akapokea nafasi finyu ya zama zake, bila kaka wa kumshika mkono.

JINSI KOFI LINAVYOTENGENEZWA

Sasa nirudi kwa Moe, ambaye watu wanamkandia kuliko wote. Katili, mkali, anawatia wenzake vidole machoni, anawafinya pua. Mtaani kwetu nilisikia mzazi akikataza watoto wasimtazame, na simlaumu, kwa sababu mtoto ataiga vidole asiige kipimo.

Maana kipimo kipo. Vidole vile havikuingia machoni. Vililenga mfupa wa nyusi. Anayepigwa ndiye aliyefumba macho kwa wakati wake na kurusha kichwa nyuma. Sauti iliongezwa baadaye: kwa jicho, waya wa ala ya muziki uliodonolewa, ting! kwa tumbo, ngoma kubwa. Zima sauti siku moja utazame bila kitu. Utaona mkono unaokwenda kwa kasi ukapunguza dakika ya mwisho, na uso unaoupa mkono ule nguvu ambayo hauna. Kofi linazaliwa shavuni.

Na Moe alijua shavu lilivyo, maana nimekwishasema alianzia huko. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, msemaji wa mikataba, mwenye kukumbuka ratiba. Ukitaka kujua aliichukuliaje kazi, ipo filamu ya mwaka 1935, Pardon My Scotch. Moe amesimama juu ya meza, na Curly anaikata meza hiyo kwa msumeno wa umeme. Meza ikapasuka, Moe akaanguka vibaya, mbavu zikavunjika. Unaliona tukio hilo mpaka leo, liliachwa ndani ya filamu. Akainuka, akawapa wenzake kila mmoja kibao chake kama mchezo ulivyotaka, tukio likakamilika, ndipo akazimia. Sisemi tuige, mtu akivunjika mbavu apelekwe hospitali. Nasema tu kwamba mtu huyu, mbavu zikiwa zimevunjika, bado vibao vyake vilifika kwenye mashavu ya wenziwe bila kuwaumiza.

MWAKA WA 1945

Mwanzoni mwa mwaka 1945 madaktari walimkuta Curly na shinikizo kubwa la damu. Alikuwa na miaka 41. Alikunywa, alikula, alikesha, ndoa hazikumkalia. Kazi haikusimama. Filamu ziliendelea, na mwaka huohuo kundi lilikwenda pia kufanya maonyesho ya jukwaani New York. Kuanzia hapo zitazame filamu kwa mpangilio na utaona mwenyewe. Ile sauti nyembamba ya juu inashuka. Miguu inakuwa mizito. Kichwa kinachelewa kugeuka. Anasahau maneno, na safari hii hazunguki tena.

Mimi niligundua kabla sijasoma popote. Babu yangu alipata kiharusi, na kwa miaka miwili nilikuwa nikimsubiri amalize sentensi. Nilipomsikia Curly katika filamu moja ya mwaka 1946 akilitoa neno kama anayelivuta kwa kamba kutoka kisimani, niliacha kucheka. Nilimtambua babu.

Lakini baada ya muda nilianza kutazama pembeni yake, na hapo ndipo nilipojifunza. Moe yuko karibu naye zaidi kuliko zamani. Maneno ambayo zamani yangekuwa ya Curly yanasemwa na Larry, ambaye kwa miaka kumi alikuwa mtu wa katikati, wa kupokea kinachobaki. Larry hakupata sifa kwa hilo, wala hakubadilika akawa nyota. Alijaza tu pale palipopungua. Moe anamsukuma Curly, na msukumo ule sasa unamwelekeza pa kusimama. Anamkaripia, na karipio lile linamkumbusha maneno yanayofuata. Kwa nje ni ukorofi uleule wa siku zote. Kwa ndani ni kaka anayemvusha mdogo wake barabara yenye magari.

Katika kipindi hichohicho kuna siku moja aliyoamka vizuri. Micro-Phonies ilitoka Novemba 1945. Watatu hawa ni mafundi katika kituo cha redio. Curly anavaa gauni, anajifanya mwimbaji wa kike, na anafumbua mdomo kufuatisha sahani ya santuri. Kwenye karamu santuri inavunjika. Basi binti mwenye sauti hasa, anayeigizwa na Christine McIntyre, anaimba akiwa nyuma ya pazia, na Curly mbele anafumbua mdomo. Yumo, mwepesi, macho yanang'aa, mikono inacheza kama ya mwaka 1936. Ni moja ya filamu zao bora. Ninapoitazama nafikiri: hivyo ndivyo mwaka mzima ulivyokuwa. Yeye mbele, na nyuma ya pazia kuna mtu anambeba.

TAREHE 6 MEI

Sasa tumefika kwenye pai. Half-Wits Holiday, chini ya mwongozaji Jules White, ilikuwa ikimalizwa tarehe 6 Mei 1946. Kisa chake si kipya. Ni kile cha Hoi Polloi ya mwaka 1935, maprofesa wawili wanaobishana kama mazingira yanaweza kumgeuza mhuni kuwa mstaarabu. Curly alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwongozaji akisubiri kuitwa kwa tukio la mwisho. Akaitwa. Hakujibu. Moe alipomfuata alimkuta kichwa kimeangukia kifuani, mdomo umepinda, hawezi kusema. Machozi yalikuwa yakimtoka. Kiharusi.

Vita ya pai ikapigwa bila yeye. Ndiyo maana nilihesabu wawili.

Na sasa, ndugu msomaji, itazame sehemu ile ukijua hayo. Moe anarusha pai juu ili aifiche, inaganda darini. Mama mmoja wa heshima, anayeigizwa na Symona Boniface, anamjia kuzungumza. Moe anatazama juu. Anamtazama mama. Anatazama juu tena. Tabasamu la adabu halimtoki, ila macho yanapanda na kushuka kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi paani. Hakuna anayepigwa. Kuna kusubiri tu. Mama anaona wasiwasi wake, Moe anaaga polepole na kuondoka, mama anainua uso kutazama kuna nini, pai inashuka. Kwa ustadi wa kuchelewesha, nyuma ya mlango wa sinema zote nilizoziona sijapata mfano. Na yule aliyetakiwa kuwa kando ya Moe katika karamu ile hakuwepo, wala hakurudi tena kuwa wa tatu.

KICHWA CHENYE NYWELE

Shemp alirudi kushika nafasi ya mdogo wake. Ndugu alitoka mwaka 1932 akampisha ndugu. Sasa akaingia ili kundi lisife. Katika Hold That Lion! ya mwaka 1947 watatu hao, Moe, Larry na Shemp, wanapita ndani ya behewa la treni wakimsaka mtu. Kuna abiria amelala, kofia imemfunika uso. Wanainua kofia. Ni Curly. Nywele zimeota tena kichwani. Anakoroma, anabweka kama zamani, wanamfunika kofia, wanaendelea na safari.

Ni tukio la muda mfupi sana, na ndiyo filamu pekee ambamo ndugu wote watatu wanaonekana pamoja. Sioni kipya chochote alichofanya Curly pale. Amelala, basi. Lakini niangalie mimi nilichoona: mikono ya kaka zake ikiinua kofia ile na kuirudisha. Wanaume wale ambao kwa riziki yao walivunjiana vitu vichwani, wanairudisha kofia ya mgonjwa.

Curly alifariki dunia tarehe 18 Januari 1952, akiwa na miaka 48. Mwaka 1953 Columbia ilitoa Booty and the Beast, na ndani yake ikaliingiza tena lile tukio la treni. Kwa hiyo watazamaji wa mwaka ule walimcheka mtu aliyekuwa kaburini zaidi ya mwaka mzima. Shemp alifuata mwaka 1955. Larry na Moe wote waliondoka mwaka 1975, wakipishana kwa miezi michache tu.

TUJIFUNZE NINI?

Nilijiuliza sana kama ni halali kuendelea kuzicheka filamu za mwaka 1946. Nilijaribu kuacha. Nikaona kuacha ni kumnyima Curly kitu pekee alichokuwa akikitafuta kwa nguvu zote zilizombakia. Alikuja kazini ili tucheke. Moe na Larry walimshika ili tucheke. Kununa kwangu hakumponyi. Kwa hiyo nacheka, lakini nacheka nikiwatazama wote watatu, si mmoja.

Na kwa wenzangu wa kalamu nasema hivi. Tunapenda kuandika ugomvi. Baba anampiga mwana, polisi anampiga machinga, mume anampiga mke. Kurasa zetu zimejaa makofi. Lakini mara nyingi tunauangalia mkono tu: ulivyoinuka, ulivyotua, sauti yake. Tumsahau kidogo mwenye mkono. Twende kwenye shavu. Liliona nini kabla? Lilichelewa kuamini kwa muda gani, kama Dickerson mbele ya jiko linalotoa maji? Baada ya hapo mwenye shavu aliiweka wapi mikono yake? Hadithi iko huko. Na kama wahusika wetu wanapendana, tuutafute upendo hata ndani ya karipio, bila kulitangaza. Moe hakumwambia Curly mbele ya kamera hata mara moja kwamba anampenda. Alimwita mjinga, akamsukuma mahali panapostahili.

Yule jamaa yangu aliyesema kupigana vibao kila mtu anaweza, wiki iliyopita nilimketisha mbele ya Half-Wits Holiday bila kumwambia lolote. Alicheka kwenye pai ya darini mpaka akapiga goti. Filamu ilipokwisha akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Hivi yule mwenye kipara aliishia wapi?"

Nikamwambia tuirudie toka mwanzo, na safari hii amtazame kaka yake.